Blanketi Lililosimamisha Shamba

Mwaka ule duka la ushirika pale Tindiga lilikuwa na vitambaa vya sare za shule tu: kaki, nyeupe na bluu. Ukitaka rangi nyingine, ungoje mwaka mwingine. Kwa hiyo Regina, mke wa Beda, alipojitosa kushona blanketi la viraka, alikwenda kwa Kasian fundi cherehani akazoa vipande vyote vilivyoanguka chini ya meza, na hata vile ambavyo havijaanguka sawasawa.

Blanketi lilikuwa la bintiye Gaudiosa, aliyeolewa juu milimani Ukaguru, kwenye baridi ya kugonganisha meno, na sasa mimba yake ilikuwa ya siku za mwisho. Mama mkwe wake alikuwa amewatangazia wanawake wa huko kwamba binti wa Tindiga kaja na sinia moja na maneno mengi. Maneno hayo yaliteremka mlima, yakamfika Regina, naye akatafuta sindano.

Alishona bila kupima. Alichana utepe mwembamba, akauunga na mpana, akaongeza mwingine, hadi mistari ikaweza kufunika ungo. Hapo alikikata kipande kiwe na pembe nne na kuanza kingine. Kimoja aliilaza mistari yake, kinachofuata akaisimamisha. Vilipobaki viwili vya mwisho, alilitandaza uani alitazame, akavunjika moyo. Lilikuwa zuri, lakini lilifanana na wanafunzi waliopanga foleni. Lilitaka nyekundu, kidogo tu.

Na nyekundu ya maana kijijini ilikuwa moja, ya Mzee Onesphory.

Onesphory alikuwa amestaafu reli kule Kilosa akarudi na bendera zake mbili. Tangu kijiji cha ujamaa kianze, yeye ndiye msimamizi wa shamba la pamoja. Akipunga kijani, majembe yanaanza. Akipunga nyekundu, watu wanapumzika. Anayeweka jembe chini kabla ya nyekundu ni mtoro. Watu walikwisha kuzoea, hata jua halikuwa na sauti tena.

Jumapili bendera zilifuliwa, zikaanikwa pamoja uani kwake. Regina alipita, akaikunja nyekundu ndani ya kanga, ya kijani akaiacha kwa huruma, akaenda zake akiimba wimbo wa kanisani. Mwingine angeita wizi. Lakini Onesphory alikuwa Mnyamwezi na yeye Msagara, na mtani akichukua kitu cha mtani wake, mwenye kitu hucheka kwanza, kisha hutafuta namna ya kulipiza.

Jumatatu Regina alifika shambani na furushi la blanketi lililokwisha kushonwa, akaliweka kando ya barabara. Cleopa, dereva wa lori la ushirika, alikuwa apite mchana kuelekea milimani, na baada ya hapo hangepita tena hadi mwezi ujao.

Jua lilipofika utosini, Onesphory aliingiza mkono mfukoni kwa madoido, ingawa alijua tangu jana jioni kwamba bendera imechukuliwa.

"Nyekundu haipo," akatangaza, macho kwa Regina. "Bila nyekundu hakuna kusimama. Sheria ni sheria, jamani. Limeni!"

Wakalima. Beda alimuuliza mkewe chini chini kama anajua lolote. Akaambiwa ainame alime. Mgongo ulimuuma Regina, kisha akaliona vumbi la lori kwa mbali na hapo akaogopa kweli. Likimpita, mjukuu wake atazaliwa kwenye baridi bila cha kufunikwa, na yule mama mkwe atakuwa amesema kweli.

Akatupa jembe, akakimbia, akafungua furushi. Akapanda juu ya kichuguu na kulikunjua blanketi juu ya kichwa chake. Mistari myekundu ikawaka juani.

Majembe yote yalishuka kwa pamoja. Hata Cleopa akafunga breki.

"Nyekundu ni nyekundu," alisema Beda, akakaa chini kabla mtu hajabadili mawazo.

Onesphory akaja taratibu, akaishika ile mistari, akaitambua.

"Hivi mtani, nyie Wasagara mna akili kweli? Unampelekea mjamzito bendera nyekundu? Mtoto akifika mlangoni akaiona, si atasimama hapo hapo? Mie nimesimamisha treni nzima kwa kitambaa hiki!"

Shamba zima likaangua kicheko. Regina alitaka kucheka, akashindwa. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Sasa nifanyeje, mtani?" akauliza kwa sauti ndogo. "Na lori ndilo hilo."

Onesphory alimtazama, akaacha kucheka. Akachomoa bendera ya kijani, ile aliyoishika miaka yote ya kazi, akalifunga nayo furushi kwa mafundo mawili, akamkabidhi Cleopa.

"Mwambie Gaudiosa, uchungu ukianza aitandike hii juu. Njia nyeupe, mtoto apite."

Machozi yalimtoka Regina mbele ya kijiji kizima, na hakuyaficha.

Kesho yake watu walifika shambani mapema, wakajipanga na majembe, wakamtazama Onesphory. Yeye akapekua mfuko wa kulia, akapekua wa kushoto. Kijani ilikuwa imekwenda milimani na lori.

Regina akaketi juu ya kichuguu, akatoa sindano na vipande vyake vya kaki.

"Sheria ni sheria, mtani," akasema, akaanza kushona.