Artichoki kwa Divai ya Mama

Divai yetu nyekundu ya Sagrantino ni kali. Ukiinywa tupu, ukakasi wake unakukaba ulimi mpaka unatafuta maji. Ipe mwana-kondoo wa kuoka mwenye mafuta yake inatulia, na hapo ndipo unajua kwa nini sisi wa Montefalco hatutaki nyingine. Kaka yangu Quirino anasifiwa mkoa mzima kwa divai hiyo. Wanaomsifu wote waliinywa na chakula changu.

Mizabibu ile aliipanda mama yetu, Ersilia, kwa magoti yake, baba akiwa hawezi tena kushika jembe. Alipokuwa anakata roho aliomba kitu kimoja tu: jina lake liwekwe kwenye chupa. Quirino alimshika mkono akasema ndiyo, nami nasikia. Baada ya Pasaka chupa zikaja, zimeandikwa QUIRINO kwa herufi za dhahabu.

"Na mama?" nikamuuliza.

"Jina la kizee haliuzi, Zelinda. Jumapili anakuja yule mnunuzi, Castellazzi, kutoka Milano. Akiipenda, anachukua ghala zima. Wewe tupikie mwana-kondoo wako, mambo ya majina niachie mimi."

Nilishajua nitapika nini.

Hapa hata mtoto anajua kwamba artichoki, ile mboga ya tumba lenye miiba, haikai meza moja na divai nyekundu. Inaigeuza ladha iwe ya chuma. Basi nikazichemsha, nikazisaga laini, nikazichanganya na jibini nyeupe na mnanaa, nikazifungia ndani ya ravioli, vile vifuko vidogo vya unga. Quirino hana habari na jikoni, hajawahi hata kufunua sufuria.

Castellazzi alikula, akasifu, akanywa. Uso ukamkunjamana.

"Bwana Quirino, mbona ina ladha ya msumari?"

"Labda chupa hii ina kasoro." Akafungua nyingine. Msumari uleule.

Ndipo Quirino naye akatia ravioli mdomoni. Akaacha kutafuna, akageuka kutazama mlango wa jikoni. Nilikuwa nimesimama pale, nafuta mikono. Angemwambia nini mgeni? Kwamba dada yake mwenyewe ndiye kamharibia meza?

Akanifuata jikoni. "Artichoki! Una wazimu wewe?"

"Mwana-kondoo yumo kwenye oveni, ameiva. Nenda kamwambie mgeni divai hii inaitwa Ersilia, nami namleta mwana-kondoo sasa hivi. Ataionja upya."

"Nijidhalilishe mbele ya mtu wa Milano kwa ajili ya marehemu?"

"Basi mpe maji, kaka."

Hakwenda. Kiburi chake nakijua tangu utotoni, nilikitegemea. Tukasikia kiti kikisogezwa, halafu gari likiwashwa uani. Sikuona huruma hata chembe; niliona raha, na sijui kuificha.

Quirino akaketi kwenye kiti changu. Nikamtoa mwana-kondoo. Nikaichukua chupa ileile ya mezani, nikabandua karatasi yake ya dhahabu, nikammiminia. Nikamkatia paja, pale penye mafuta.

"Onja."

Akatafuna taratibu, akanywa. Msumari haukuwepo. Aliiweka glasi chini, machozi yakaanza kumtoka.

"Eeh," nikamwambia. "Hiyo ndiyo divai ambayo Castellazzi angeionja. Kula, kaka, nyama inapoa."