Zamu ya Kirungu

Taa ya nyuma ya gari la Salvatori Niyonkuru ilikuwa imekufa tangu Jumapili. Askari wawili wa kitongoji kimoja nje ya Columbus, Marekani, walimsimamisha akitoka kazini ghalani na mkewe, Florida, jua likiwa bado juu.

"Baba Yoeli, usishuke," Florida alisema. "Huku watu hubaki garini."

"Nimsalimu mkubwa nimekaa kama mfalme?"

Alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, ambako askari wa getini alisalimiwa kwa kusimama, kofia mkononi. Alishuka, akavua kofia, akawaendea ameinama. Walimwangusha. Kirungu kilimvunja mbavu, kisha meno. Florida alisikia kila pigo kupitia kioo. Sheria mpya ya jimbo iliwaruhusu askari wa mji kumhoji mtu yeyote kuhusu ukaazi wake. Walimhoji Salvatori akiwa kifudifudi, na kwa kuwa kinywa kilichojaa damu hakijibu, wakamkabidhi kwa maofisa wa uhamiaji.

Askari waliondoka. Kirungu kilibaki palepale barabarani, kikipiga hewa bila mkono.

Asubuhi mji ulikizungushia koni za rangi ya machungwa.

Florida alipomtembelea mumewe kizuizini, alimkuta na michubuko mibichi. Kila kirungu kilipopiga kule, mwili wake ulipokea huku. Muuguzi alimpa vidonge na kumshauri alalie ubavu wa pili.

Florida akaenda kwenye baraza la mji.

"Kirungu kiko kazini kihalali, mama," karani alimwambia kwa upole. "Kukiondoa ni kumzuia askari kazi yake."

Jioni hiyo alivuka koni, akaweka mgongo wake mahali alipokuwa mumewe. Kilimpiga hadi akatapika. Kesho yake Salvatori alipiga simu: amelala usingizi, kwa mara ya kwanza.

Akina mama wa kanisani wakapanga zamu, kama ghalani. Caritas alivunjika bega; akaleta la pili. Madereva walipunguza mwendo, wakapita.

"Leo kinapiga polepole, mama Yoeli," Angelika alisema, akitema damu. "Nadhani kinazeeka."

"Hakizeeki, dada. Kinalipwa kwa saa."

Angelika alicheka akishikilia mbavu.

Wiki hiyo baraza liliketi kuwajadili. Sheria haikuguswa. Ila iliamuliwa kwamba akina mama wavae fulana zinazong'aa, wasije wakagongwa na magari. Florida alivua koti, akalikunja vizuri, akavaa fulana yake, akasubiri Angelika asogee.