Kilichofunikwa na Fremu

Wino mwekundu hukauka polepole. Nalijua hilo kwa sababu ni mimi niliyeugonga muhuri kwenye hati ya hisa ya mjomba wangu: "Haziuzwi wala kuhamishwa kabla ya mwaka kutimia."

Nilikuwa karani wa kiwanda cha rangi. Mwenye kiwanda aliuza hisa chache kimyakimya, kwa watu aliowajua tu, na sharti lilikuwa hilo. Mjomba, fundi saa aliyenilea, alinunua kwa kuniamini mimi. Akaitia hati kwenye fremu, akaitundika juu ya meza yake ya kazi. Ubao wa fremu ulikuwa mpana, ukaufunika muhuri wote. Nilidhani ni bahati mbaya.

Miezi minne baadaye macho yake yakaanza kuingia ukungu. Daktari akasema apasuliwe upesi, na mshahara wangu haukufua dafu. Jumapili moja nikamkuta na jirani yetu, mjane mwoka mikate, aliyekuja kuzinunua hisa zake, kapakata mkoba wa pesa.

"Hisa hizi hazina mushkeli?" yule mjane aliuliza.

"Mushkeli utoke wapi?" Mjomba alicheka, huku akinitazama mimi kwa yale macho.

Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Lakini nilijua pia kwamba akija ofisini kuziandikisha, ni mimi ambaye ningemrudisha yule mama mikono mitupu. Nikaishusha fremu, nikaifungua kwa bisibisi ya mjomba mwenyewe, nikamwonyesha yule mama muhuri.

Yule mama alisoma, akafunga mkoba. "Mwaka ukitimia nitarudi, Mungu akipenda."

Alipotoka, mjomba akaniuliza, "Wewe ni mtu wa kiwanda au wa nyumba hii?"

Tangu hapo hakunisemesha tena. Mficha uchi hazai, husema watu. Hawasemi anayemfichulia mzee wake hupata nini. Kila jioni nilimpelekea chakula, akala, akanishukuru kwa kichwa. Jicho lake la kushoto likazimika kabla mwaka haujaisha. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Mwaka ulipotimia yule mama alirudi na mkoba uleule. Hati ilikuwa ukutani, katika fremu mpya, nyembamba, isiyoficha kitu. Mjomba aliinuka, akapapasa kioo, akaweka kidole palepale penye muhuri.

"Msomee, mwanangu," akasema. "Yote."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile. Nikasoma.