Kreti la Viatu

Mimi ni fundi viatu, na kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikiwatazama watu kwa chini. Wewe ukikutana na mtu unaona shati na tabasamu. Mimi naona soli. Najua watu wanakanyaga nini. Nimechokoa kwa msumari mambo ambayo siwezi kuyataja mbele ya mtu anayekula. Kwa hiyo siku niliponunua gari, kabla hata sijajua kurudi nyuma bila kugonga pipa la taka, niliweka sheria moja tu: hakiingii kiatu humu.

Gari lilikuwa la mtumba, sikatai, lakini zulia lake lilikuwa jipya, la rangi ya maziwa. Sijui ni nani aliyefikiria kuweka rangi ya maziwa mahali ambapo watu wanaweka miguu. Nikagonga kreti la mbao, nikaliweka kwenye buti, na kila abiria akawa anavua viatu, anavipiga soli kwa soli, anavitia kwenye kreti, ndipo anaingia. Hata mimi dereva niliendesha pekupeku.

"Siku hizi nikitaka kwenda sokoni ni kama naingia chumba cha upasuaji," mke wangu alisema. Nilimwambia asante, maana hayo ndiyo niliyokuwa nayataka.

Hakuna anayekuambia kwamba ukinunua gari umejinunulia na kisirani. Watu ambao kwa miaka walinipita kama mlingoti wa umeme walianza kuniuliza kila asubuhi naelekea upande gani. Kuku wa jirani waliamua kwamba boneti yangu ndiyo kitanda chao. Kila mpita njia aligeuka makanika: anasimama, anainamisha sikio, anasema, "Hiyo sauti siyo nzuri, Fundi," halafu anakwenda zake na kuniachia wasiwasi wa wiki nzima. Na mvua! Nikishika ndoo tu kuliosha, mawingu yanaitana.

Jirani mwenyewe, mtu mzima na heshima zake, aliniomba lifti akiwa amevaa gambuti. Nikamwonyesha kreti. Akanitazama, akaitazama miguu yake, akasema, "Basi acha nitembee. Soksi zangu zina siri zake."

Nilicheka, lakini sheria sikuilegeza. Mfukoni nilikuwa na kitambaa cha manjano cha kufutia vumbi, na nilikitumia kila tuliposimama.

Hayo yote yalikuwa mchezo hadi binti yetu alipotuambia kwamba mama wa mchumba wake ametualika nyumbani kwake Jumamosi alasiri. Kijana hana neno, mpole, anatuamkia vizuri. Lakini mama yake ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye mtaa wake wote unamwita Mwalimu na unachomekea shati ukimwona. Na alipoambiwa kazi yangu, aliuliza kitu kimoja: "Fundi viatu? Wale wa kukaa kando ya barabara?"

Binti alijaribu kutuficha hayo, akashindwa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Baba, naomba siku hiyo moja tu tusiwe kichekesho. Nampenda huyu kijana. Mama yake akitudharau, sijui tutaanzia wapi."

Iliniuma. Nakaa kando ya barabara, ndiyo, na nimemsomesha huyo huyo binti nikiwa nimekaa hapo. Nilichagua kipande cha ngozi laini ya kahawia nilichokuwa nimekitunza muda mrefu, na kwa wiki tatu nikamshonea binti viatu kwa mkono, mshono mdogo mdogo, kisigino kifupi, ndani nikatia bitana laini kama shavu la mtoto. Mwalimu aangalie chini mara moja tu, nilijiambia. Nitakuwa nimemjibu bila kufungua mdomo.

Jumamosi tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti, na dada yangu mkubwa, shangazi wa binti, ambaye safari bila yeye huwa haikubaliki. Tulikuwa na kapu kubwa la matunda la kuwapelekea wenyeji. Kapu na kreti vikagombea buti. Nikalitoa kreti, nikaliweka barazani, watu wakavua, jozi nne zikapangwa humo, za binti zikiwa juu kabisa zimefungwa kwa karatasi.

"Ngoja nikusaidie kulipakia kreti," mke wangu alisema.

"Asiguse mtu! Kapu likishakaa sawa, kreti nitalibana pembeni mimi mwenyewe."

Nilikuwa mkali, nakiri. Kapu likakaa sawa. Nikafunga buti ili kuku wasiyafikie matunda, nikawafukuza kuku waliokuwa kwenye boneti, nikafuta boneti, nikaingia. Kisha ikawa kazi ya kurudi nyuma kutoka getini, na wanawake watatu wananielekeza kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake. Tulipotoka bila mkwaruzo nilijisikia rubani. Njia nzima nilipiga mluzi.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa na geti jeupe, na kutoka hapo hadi mlangoni ni kokoto tupu, zile zenye ncha. Nikaegesha nje ya geti, nikafungua buti. Kapu la matunda lilinitazama. Nikalisogeza. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Viatu, Baba," binti alisema akinyoosha mkono.

Kreti nilikuwa nimeliacha barazani. Mke wangu alisogea, akachungulia buti, akachungulia uso wangu. Dada yangu ndiye aliyesema: "Asiguse mtu, eeh?"

Binti alishika mlango wa gari kama anataka kurudi ndani. Lakini mbele yetu mlango wa nyumba ulikuwa umeshafunguliwa, na kijana akatupungia mkono, kisha akageukia ndani kumwita mama yake.

Sijui kama umewahi kutembea kwa heshima juu ya kokoto bila viatu, umevaa suti, umebeba kapu. Usijaribu. Dada yangu aliruka ruka huku akijifanya anasifia maua. Nyumba ilikuwa inapakwa rangi, na fundi rangi aliyekuwa juu ya ngazi aliacha brashi ikining'inia, akatuangalia hatua kwa hatua.

Kisha, karibu na mlango, dada yangu alinibana kiwiko. "Tazama! Wamevua!"

Kweli. Pembeni ya mlango palikuwa na rafu ya viatu vya wenyeji, na kijana, bado ametupa mgongo, alikuwa miguu mitupu. Nyumba hiyo wote wanavua mlangoni! Nani atajua sisi tulivulia wapi? Nikachomoa kitambaa changu cha manjano, kijana alipoingia kumleta mama yake nikainama, nikafuta nyayo za mke wangu, za dada, za binti, mwisho zangu. Kilikuwa hakijawahi kuchafuka namna ile.

Tukaingia kama watu.

Mwalimu alikuwa mwembamba, mnyoofu, na miwani iliyofungwa kamba. Alinipokea kapu, akaniita Fundi, akatukalisha. Maswali yake yalikuja kama mtihani, lakini binti aliyajibu vizuri sana, kwa sauti ya chini na bila kujipendekeza, hadi nikamwona Mwalimu anavua miwani na kumsikiliza. Tulikunywa chai. Dada yangu alisimulia vituko vya utoto wangu, vya kweli na vya uongo. Nilianza kupumua.

"Fundi," Mwalimu akanigeukia, "mwanangu amenisimulia kuhusu viatu ulivyomshonea binti yako. Nimeona nisiulize sana. Nitaviona mwenyewe mkitoka."

Chai ilinipalia. Mke wangu alinipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Saa ya kuaga ilipofika nilijaribu kumzuia: jua kali, Mwalimu, usijisumbue, tuagane hapa hapa. Wapi! Alitangulia, akafungua mlango, akasimama mbele ya rafu. Akahesabu kwa macho. Akaangalia chini ya rafu. Akaangalia nyuma ya mlango.

"Viatu vya wageni viko wapi?"

"Mungu wangu. Wageni wangu wameibiwa! Kwangu mimi!" Sauti yake ilitetemeka, na nikaona huyu mama ana aibu ya kweli, aibu ambayo ilikuwa mali yangu. Kisha macho yake yakapanda kwenye ngazi. "Fundi rangi! Hebu shuka. Umekuwa hapa tangu asubuhi. Nani mwingine amepita?"

Mtu yule akashuka taratibu, rangi hadi kwenye kope, mikono ameiweka wazi mbele yake. Najua namna hiyo ya kuweka mikono. Nami nimewahi kuiweka hivyo, mbele ya mteja aliyesema nimemwibia viatu, kumbe alivisahau kwa fundi mwenzangu.

Nikamtazama binti. Alikuwa amefumba macho. Aliniomba kitu kimoja tu, na ningeweza kunyamaza akakipata. Niliona uchungu, lakini mdomo ulishafunguka.

"Mwalimu, mwache. Hakuna aliyeiba. Viatu vyetu viko nyumbani kwetu, barazani, kwenye kreti. Tulikuja bila viatu."

"Bila viatu."

"Mimi siruhusu viatu kwenye gari. Kwa ajili ya zulia. Tulivua, halafu kreti nikalisahau. Kosa ni langu, peke yangu. Hawa nimewatesa tu."

"Wote wanne?"

"Wote wanne."

"Na wewe," Mwalimu alisema polepole, "ni fundi viatu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Fundi rangi akakohoa. "Mimi niliwaona wakipita kwenye kokoto," alisema, "nikadhani wana nadhiri."

Sauti iliyomtoka Mwalimu mwanzoni sikuijua ni nini. Alishika ukuta, na ukuta ulikuwa na rangi mbichi, akaketi kwenye ngazi ya mlango na kiganja cheupe, akacheka hadi miwani ikadondoka na kuning'inia kwenye kamba yake. Kijana alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona mama yake akicheka hivyo. Binti akafumbua macho. Akaanza naye. Tukavunjika mbavu sote, na dada yangu, ambaye hana dogo, akaonyesha tena jinsi nilivyovuka kokoto.

Mwalimu alipopata pumzi alimwomba radhi fundi rangi, kwa maneno kamili, mbele yetu. Hapo nikampenda. Kisha akaingia ndani na kurudi na mzigo wa viatu: ndala kwa dada yangu, makubazi kwa mke wangu, na kwangu magambuti ya mumewe, aliyekuwa safarini, yenye udongo wa bustani. Binti akapewa viatu vya Mwalimu mwenyewe, vyeusi, vya kutokea.

"Nitavirudisha kesho asubuhi," nikasema.

"Wewe usivilete. Atavileta yeye," akamshika binti mkono, "na akija awe amevaa vile ulivyomshonea. Nataka kuviona vikitembea." Akatusindikiza hadi getini. "Safari njema, mkwe."

Alasiri nzima nilikuwa Fundi. Mke wangu alinitazama kuona kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

Kwenye gari watatu wale wakasimama mlangoni na kuanza kuinama, kila mtu akitafuta kisigino cha kiatu alichoazimwa. Mazoea.

"Ingieni hivyo hivyo," nikasema.

"Na zulia?" mke wangu akauliza.

Niliingiza magambuti ya mkwe wangu yote mawili, kwanza la kulia, kisha la kushoto, na bonge la udongo wa bustani yao likaanguka juu ya ile rangi ya maziwa. Kitambaa cha manjano nikakiacha mfukoni. Nikawasha gari, tukaenda nyumbani.