Mkono wa Kulia wa Bwana Ameir

Jumamosi moja ya Februari 1984, Adela alishuka kwenye basi la kutoka Hyattsville, kitongoji cha ughaibuni alikoishi, akaingia nyumbani kwa mwanadiplomasia mmoja, Bwana Ameir, na kutandaza magazeti juu ya zulia ili rangi isilichafue. Bwana Ameir alitaka achorwe kama watawala wa Italia ya kale aliowaona kwenye makumbusho mjini. Adela, aliyehitimu sanaa juzi tu, aliijua kazi hiyo: macho ya mtawala yawe juu ya macho ya mtazamaji, vazi liwe mahameli nyeusi, na mkono wa kulia ushike fimbo ya amri.

"Kitambi kipunguze, mwanangu."

"Wale nao walikuwa navyo, mzee."

"Walikuwa na majeshi ya kuwanyamazisha wanaocheka."

Sikujua, mtumishi wa nyumba, alileta chai. Mama yake alikuwa mahututi Pemba, naye hakuweza kwenda. Bwana Ameir alikuwa ameifungia kabatini pasipoti ya Sikujua tangu siku aliyofika kazini.

Wiki iliyofuata fimbo aliyoichora Adela haikuwapo tena pichani. Mkono uliochorwa ulishika pasipoti iliyofunuliwa, na ndani yake picha ya Sikujua, ndogo kama ukucha. Adela aliifuta, akachora fimbo upya. Rangi ilipokauka, pasipoti ilirudi.

"Iache," alisema Bwana Ameir, akirudi nyuma kuitazama. "Hapo umenipata."

Sikujua alimfuata Adela mlangoni. "Dada, huwezi kuuchora ule mkono ukiwa wazi?"

Adela alijaribu. Vidole vya pichani vilizidi kuikaza pasipoti.

Basi akaweka tumaini lake kwa wageni wa karamu ya kuizindua picha, labda wao wangehoji. Siku ya karamu walisimama mbele ya picha na sahani za biriani, shingo zimeinuka.

"Huyu kwenye pasipoti si yule anayetuandalia?" aliuliza mmoja.

"Ndiye," alisema Adela, akasubiri.

"Umempatia kweli." Kisha akamwita Sikujua amwongezee kachumbari.

Mama yake Sikujua alizikwa Ijumaa. Jumamosi Adela alikuja kuchukua brashi zake, akamkuta Sikujua akifuta vumbi kwenye fremu. Mkono wa kushoto wa Bwana Ameir pichani, ambao Adela aliuchora umelala mezani, ulikuwa umegeuka kiganja juu, mtupu.

"Tangu jana," alisema Sikujua.

Ghorofani, mke wa Bwana Ameir alikuwa akitandika kitanda cha pili chumbani mwa Sikujua, cha mtumishi mpya.