Kitambaa Chekundu cha Maji

Mchanga ulikuwa umetulia chini, ndani ya sufuria. Mpishi wa kambi ya wapanda mlima aliinama, akauchota kwa kidole, akauangalia. Maji ya kunywa alikuwa akiyachuja mwenyewe kwa kanga kabla ya kuyachemsha. Mchanga ungetoka wapi?

"Wifi! Kitambaa changu chekundu ulikigusa?"

"Nilikishikia sufuria ya uji. Ulitaka niungue?" Wifi yake alikuwa akisugua sahani, hata hakugeuka. "Si nimekirudisha?"

"Ulikirudisha wapi?"

Mkono wa wifi ukasimama.

Sufuria zao mbili zilifanana kama mapacha. Ya maji yaliyochemka ilikuwa ikifungwa kitambaa kwenye mshikio. Nyingine ilikuwa ya kuoshea vyombo, maji mabichi ya kijitoni, na huko juu ng'ombe walikuwa wakiingia humo hadi magotini. Sasa kitambaa kilikuwa kwenye sufuria yenye mchanga, na wapanda mlima walishajaza chupa zao humo wakaondoka, wakiongozwa na binti wa mpishi. Mpishi alifunua sufuria ya pili. Imejaa pomoni, inanukia moshi. Haijaguswa.

"Labda hayana neno," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Mbona yalikuwa maangavu."

"Hata aliyokunywa kaka yako yalikuwa maangavu."

Wifi akainamisha kichwa. Kaka yake, marehemu mume wa mpishi, alikunywa kijitoni akiwa safarini, akarudishwa nyumbani amebebwa.

Mpishi alijaza dumu maji yaliyochemka.

"Na goti lako hilo?"

"Goti litanisamehe. Wewe washa jiko, uchemshe mengine."

Alipanda. Dumu lilimgonga paja, kokoto zikamteleza miguuni, pumzi ikawa fupi. Kila alipoona jua limepenya mawingu alilichukia, maana jua huleta kiu. Ee Mungu, wasione kiu. Ee Mungu, wafunge midomo yao kidogo tu. Akateleza, akainuka, akaendelea na sala pale pale ilipokatikia.

Aliwakuta wamekaa kwenye mawe, chupa mapajani.

"Mama Mpishi!" mmoja akacheka. "Umetuletea chai huku?"

"Msinywe! Mwageni yote!"

Kicheko kikakatika. Wakatazamana, wakafungua chupa, maji yakamwagika juu ya mawe, chupa baada ya chupa, zote zikiwa zimejaa. Hawakuwa wameonja. Walikuwa wakingoja ruhusa ya kiongozi wao.

Mpishi akamgeukia binti yake. Chupa yake ilining'inia kiunoni, nyepesi, ikicheza na upepo.

"Nilikunywa njiani," binti alisema. Akajaribu kutabasamu. "Niliona kitambaa chako, mama."

Mpishi aliwamiminia wote maji ya dumu. Kisha safari ikageuzwa, wakaanza kushuka. Binti alitangulia, yeye akafuata nyuma yake kabisa, macho hayabanduki mgongoni pake.

Penye kona, binti alipunguza mwendo, akapeleka mkono tumboni. Mpishi akasimama.

Mkono ukakaza mkanda wa begi uliopita tumboni, ukashuka. Binti akaendelea kutembea.

Chini kule, moshi wa jiko la wifi ulikuwa umeanza kupanda.