Wageni wa Kavinya

Kavinya alikuwa ameishi katika ile nyumba ya Kaloleni tangu mama yake alipofariki, na kwa muda huo wote hakuwahi kumwandalia mtu hata kikombe cha chai. Si kwamba hakujua kupika. Miguu ndiyo iliyopooza utotoni. Mikono yake ilikuwa mizima, tena mikono ya Ukambani, iliyojua kuuandaa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kabla hata hajajua kuandika jina lake. Shida ilikuwa jiko. Kaunta ilimfika kidevuni akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, sinki aliisikia tu ikimwaga maji, na mlango wenyewe ulikuwa mwembamba, kiti hakipiti. Basi akawa mtu wa kuletewa. Na Kavinya, jamani, hakuumbwa kuwa mtu wa kuletewa.

Waliishi pale watu wazima wachache, kila mmoja na ulemavu wake, chini ya matroni wao Nafula, mwanamke mrefu mwenye moyo mkubwa na woga mkubwa zaidi. Wageni hawakukosekana. Walikuja Jumapili na sufuria za pilau zilizofungwa kwa leso, wakaimba, wakaomba, wakapakua, wakapiga picha, wakaaga. Walikuwa watu wema, Mungu awabariki. Lakini Kavinya aliila pilau yao huku amenuna, kwa sababu alivyolelewa yeye, mwenye nyumba ndiye humlisha mgeni.

Ndipo wakaja wafanyakazi wa viwandani kutoka Lucky Summer. Kiongozi wao, Nasike, alifungasha sabuni huko Baba Dogo, na yeye na wenzake walikuwa wakichanga kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Siku ya kwanza hawakuleta pilau. Nasike alivuta kiti karibu na Kavinya akamuuliza, "Dada, hapa ndani mnataka nini hasa?"

Nafula alikuwa ameshafungua mdomo ataje blanketi. Kavinya akamwahi.

"Jiko ambalo naweza kupikia."

Wakalijenga. Fundi wao alipanua mlango, akashusha kaunta na sinki, akaacha nafasi chini ili magoti yaingie, hata swichi za taa akazileta chini. Kazi ilikuwa safi, ila sasa ikawa zamu ya Nafula kuumwa na mgongo akiosha vyombo, mpaka akajinunulia kigoda. Javan, ambaye haoni lakini masikio yake hayapitwi na kitu, alikisikia kigoda kikiburutwa akacheka.

"Matroni, karibu huku chini," akamwambia. "Huku kuko poa sana."

Nasike na wenzake wakaahidi kwamba wakishavuta pumzi, watajenga na bafu.

Kwa siku ya kulifungua jiko, Kavinya aliomba jambo moja tu: waje mikono mitupu, atawapikia yeye. Nasike akakubali. Jumamosi Kavinya akaloweka muthokoi na maharagwe. Jumapili asubuhi akavibandika, Javan akakatakata vitunguu huku akilia na kuimba kwa pamoja, na harufu ikatoka hadi barabarani. Kavinya akazunguka na kiti chake kutoka sinki hadi motoni, kutoka motoni hadi kwenye rafu, bila kumwomba mtu yeyote chochote. Furaha ilimjaa mpaka ikamtia hofu.

Wageni wakafika. Kilichotangulia kuingia langoni ni sufuria.

"Nasike, hiyo ni nini?"

"Ni pilau kidogo tu, dada. Na kuku." Nasike alikuwa na aibu usoni. "Hawa akina mama walikataa kabisa. Wakasema mtu haendi kuona watu mikono ikining'inia tu."

Wale akina mama walikuwa wameshafika mezani, wanafungua leso, wanapanga sahani. Javan alikuwa ameshaisikia harufu ya kuku na uso wake umeshamsaliti.

Kavinya akasogeza kiti chake kuelekea mezani. Nafula akamwinamia sikioni. "Nakuomba, Kavinya. Bafu bado. Usiudhi watu."

Na bafu hilo Kavinya alilihitaji kuliko yeyote mle ndani. Alikuwa akiogea kwenye beseni chumbani, Nafula akimshika. Lakini alijua vilevile kwamba pilau ikipakuliwa, muthokoi wake utaonjwa kijiko kimoja kimoja kwa huruma, na kesho ataamka akiwa yule yule wa kuletewa.

"Mama zangu," akasema, "nawashukuru, na msione kama nina madharau. Lakini hiyo pilau irudi kwa gari. Leo nyinyi ni wageni wangu. Kaeni niwapakulie."

Nafula akatazama sakafu. Nasike aliitazama sufuria, akamtazama Kavinya, kisha akawageukia wenzake.

"Mmesikia mwenye nyumba. Rudisheni."

Wakarudisha, mmoja akinung'unika njia nzima. Javan naye akaguna kwa uchungu hadi alipoambiwa atakula hiyo pilau jioni.

Kavinya akapakua. Alibeba sinia mapajani, akawafikia mmoja mmoja. Nasike alipopokea sahani yake akamwambia kwa sauti ya chini, "Na lile bafu, dada, utakuja kumwelekeza fundi wewe mwenyewe." Kavinya akaitikia kwa kichwa.

Sifa zikaanza. "Tamu sana." "Kweli umejaribu." "Mungu ni mwema, kumbe anaweza." Kavinya akatabasamu. Sauti hiyo aliifahamu. Ndiyo waliyompa Javan wageni wa Jumapili kila alipofunga vifungo vya shati lake mwenyewe.

Pembeni aliketi Mzee Mutisya, dereva mstaafu aliyekuja na akina Nasike, Mkamba wa Machakos. Alitafuna polepole, akaweka kijiko chini.

"Huu muthokoi," akasema, "chumvi imepungua. Na haya maharagwe yalitaka moto zaidi."

Nafula akafumba macho. Nasike akampiga mzee kiwiko. Hakuna mgeni aliyewahi kumwambia Kavinya hivyo katika nyumba ile. Mzee alikuwa amesema naye kama anavyosema na dada yake, na mkewe, na mama yeyote aliyemwekea chakula mbele. Furaha ikampanda ghafla, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee, maharagwe yako sawa," akasema akijifuta. "Ni meno yako."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Mutisya akacheka kuliko wote, mapengo yote nje. Kisha akanyoosha sahani yake.

"Basi niongeze," akasema. "Na chumvi uilete."

Kavinya akageuza kiti akaingia jikoni kumletea.